Mnyonge Kupata Haki ni Mwenye Nguvu Kupenda: Uhakiki wa Msamaha wa Wafungwa nchini Uganda

Utangulizi

Methali ya Kiswahili inasema kwamba mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda. Darasani huwa tunaieleza kwa haraka: ni malalamiko ya wanyonge, hutumika pale mkubwa anapomdhulumu mdogo. Kisha tunaendelea na methali inayofuata. Makala haya yanakaa nayo zaidi. Nitaonyesha kwamba nchini Uganda methali hii haiishii kwenye malalamiko. Inaeleza kwa usahihi utaratibu mmoja uliomo ndani ya Katiba yetu, yaani msamaha wa Rais kwa wafungwa.

Hoja yangu ni hii. Mahakama zetu zimeelemewa na kesi na huenda polepole. Kwa sababu hiyo msamaha umebebeshwa kazi ambazo si zake: kupunguza msongamano, kusahihisha hukumu zilizokosewa, na hata kumaliza kesi za kisiasa. Lakini msamaha hauwezi kushika nafasi ya haki. Kwanza, unamfikia aliyehukumiwa tu, ilhali karibu nusu ya watu walio magerezani hawajahukumiwa. Pili, kati ya hao waliohukumiwa, unamfikia yule ambaye jina lake limefika mezani kwa wakubwa, na safari ya jina kutoka gerezani hadi mezani ina nauli yake.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini katika mambo ya magereza. Jibu ni kwamba kwetu Uganda lugha hii ilishikamana na vyombo hivyo kwa muda mrefu. Ilikuwa lugha ya jeshi, ya polisi na ya askari jela kabla ya kuwa lugha ya darasani. Watu wa umri wa wazazi wetu wanalikumbuka tamko "panda gari" kama jina la misako ya miaka ya 1980, wala hawakulisikia kama mwaliko wa safari. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, sifa ya kuwa lugha ya kukamatia watu haijaondoka kabisa. Kama lugha hii imetumika kuwafunga watu, ni vyema itumike pia kuuliza wanafunguliwaje.

Ibara ya 121 tukiisoma kama matini

Katika somo la uhakiki tunafundishwa kuuliza nani anasema, nani anasemewa, na nani hayumo. Maswali hayo hayo yanaifaa Ibara ya 121 ya Katiba ya mwaka 1995. Ibara hiyo inaunda kamati ya kumshauri Rais kuhusu mamlaka yake ya kuwahurumia wafungwa. Mwenyekiti ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wajumbe ni raia sita mashuhuri wanaoteuliwa na Rais mwenyewe. Mbunge haruhusiwi kuwa mjumbe, wala mwanachama wa chama cha wanasheria, wala diwani wa wilaya. Kwa ushauri wa kamati hiyo Rais anaweza kumsamehe mtu kabisa au kwa masharti, kuahirisha utekelezaji wa adhabu, kubadilisha adhabu kali iwe nyepesi, au kuondoa adhabu yote au sehemu yake.

Basi tuulize: nani hayumo? Mwombaji hayumo. Ibara haisemi mfungwa aombe vipi, aombe kwa lugha gani, ajibiwe baada ya muda gani, wala kama atapewa sababu akikataliwa. Haisemi kwamba majina ya waliosamehewa yatangazwe pamoja na sababu za kuwasamehe. Ni mfungwa wa aina moja tu ambaye njia yake imeandikwa, naye ni yule aliyehukumiwa kifo. Huyo, jaji aliyesikiliza kesi yake lazima apeleke ripoti ya maandishi kwa kamati. Mfungwa mwingine yeyote hana ripoti inayomtangulia. Aliyefungwa miaka mitatu kwa kuiba mbuzi hujulikana na kamati ikiwa tu kuna mtu aliyemwandika kwenye orodha.

Tulitazame pia neno "mashuhuri". Nia ya waliolitumia inaeleweka: walitaka watu wanaoheshimika, wasiohongeka kirahisi. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu asiyejulikana na yeyote huamuliwa na watu wanaojulikana na wote. Hakuna nafasi iliyotengwa kwa mtu aliyewahi kufungwa, wala kwa mzazi wa mfungwa, wala kwa mtu aliyetendewa kosa. Kwa lugha ya fasihi, ni tamthilia ambayo mhusika mkuu hapewi hata sentensi moja ya kusema.

Mfungwa na mahabusu

Kiswahili kina maneno mawili yanayotusaidia sana hapa. Mahabusu yuko ndani akisubiri kesi. Mfungwa yuko ndani kwa sababu kesi imekwisha na ameonekana ana hatia. Mtaani tunayachanganya, kwa kuwa ukuta ni mmoja na posho ni moja. Sheria haiyachanganyi. Ibara ya 28 inataka mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba anayo au akiri mwenyewe. Ibara hiyo hiyo inamwahidi kwamba kesi yake itasikilizwa kwa haki, kwa haraka na hadharani.

Ahadi hiyo ikipimwa kwa hali ilivyo, pengo ni kubwa. Katika miaka ya hivi karibuni magereza ya Uganda yamekuwa na watu zaidi ya 70,000, ilhali nafasi zilizopo ni kama 20,000. Karibu nusu ya watu hao ni mahabusu. Hapo ndipo penye kitendawili cha msamaha. Rais husamehe waliohukumiwa. Mahabusu hawezi kusamehewa, kwa kuwa mbele ya sheria hana kosa la kusamehewa. Kwa hiyo siku ya msamaha inapofika, yule ambaye hatia yake imethibitishwa huchukua kifurushi chake na kwenda nyumbani, na yule anayehesabiwa hana hatia hubaki akimsindikiza kwa macho.

Mfano wa karibu ni wa Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia. Rais Museveni alisamehe wafungwa 833 ili kupunguza msongamano. Miongoni mwao walikuwemo akina mama wanaonyonyesha, wazee wa miaka 60 na zaidi, na watu wenye makosa madogo waliokuwa wamekwisha kutumikia sehemu kubwa ya vifungo vyao. Ilikuwa hatua njema, na kila mmoja wa watu hao alistahili kwenda nyumbani. Lakini wakati huo magereza yalikuwa na watu karibu 60,000. Walioachiliwa hawakufika wawili katika kila mia. Na kwa jinsi msamaha ulivyo, mahabusu hawakuweza kuwamo.

Mtetezi wa utaratibu atasema kwamba mahabusu ana dawa yake, nayo ni dhamana. Ni kweli Katiba inayo dawa hiyo. Ibara ya 23 inasema kwamba mtu aliyekaa rumande siku 60 kwa kosa linaloweza kusikilizwa pia na mahakama ya chini ni lazima aachiliwe kwa dhamana. Kwa kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, muda ni siku 180. Tatizo limo ndani ya maneno yenyewe. Siku 180 zinahesabiwa kabla kesi haijapelekwa Mahakama Kuu. Ikishapelekwa, hesabu inakoma. Mahakama Kuu husikiliza kesi kubwa za jinai kwa vikao, na kikao hutegemea fedha, jaji na mashahidi. Mtu anaweza kufikishwa mlangoni kwa Mahakama Kuu ndani ya miezi mitano, kisha akakaa mlangoni hapo miaka kadhaa.

Hata yule ambaye hesabu yake haijakoma anahitaji kujua kwamba siku zimetimia, na anahitaji mtu wa kumwombea. Anahitaji wadhamini, nao wanahitaji nauli ya kufika mjini, vitambulisho, na barua ya mwenyekiti wa LC1. Mtoto wa mkulima aliyekamatiwa Kampala, wazazi wake wakiwa Karamoja, hana haki ndogo kuliko mtoto wa mfanyabiashara wa Kololo. Katiba imewapa haki ileile. Kilichotofautiana ni umbali kati ya mtu na haki yake.

Kusamehewa kosa ambalo halikutendeka

Kesi ya Edmary Mpagi inajulikana sana kwa watu wanaofuatilia suala la adhabu ya kifo Uganda. Mpagi na binamu yake Fred Masembe walikamatwa mwaka 1981 wakidaiwa kumwibia na kumuua mwanamume mmoja. Mwaka 1982 walihukumiwa kunyongwa. Mwanamume huyo hakuwa amekufa. Alikuwa hai, na watu wa kijijini walijua kwamba yu hai. Masembe alifia gerezani mwaka 1985. Mpagi alikaa Luzira katika sehemu ya waliohukumiwa kifo, akisikia wenzake wakitolewa kwenda kunyongwa. Aliachiliwa mwaka 2000, baada ya zaidi ya miaka 18. Aliachiliwa kwa msamaha wa Rais.

Neno hilo la mwisho ndilo linalopaswa kutusumbua sisi wanafunzi wa lugha. Katika Kiswahili, kusamehe kunahitaji deni au kosa. Tunasema kusamehe deni, kusamehe kodi, kusamehe aliyetukosea. Pasipo deni hakuna cha kusamehe. Kwa Kiganda ni vivyo hivyo: ekisonyiwo hutoka kwenye kitenzi cha kusamehe, na anayesamehewa ni aliyekosa. Mpagi alikosa nini? Serikali ndiyo iliyokuwa na deni kwake. Ilimkopa miaka 18 ya ujana wake, na ilimkopa Masembe uhai wake. Lakini ilipofika siku ya kulipa, aliyedaiwa alimwambia mdai wake: "Nimekusamehe."

Watu wengine watasema huku ni kubishana juu ya maneno, maadamu mtu ametoka. Sikubaliani nao. Jina la kitendo huamua kinachofuata. Mahakama inapofuta hukumu, inatamka kwamba palikuwa na kosa katika mwenendo wa kesi, na aliyedhulumiwa anaweza kuuliza nani alikosea na atalipwa nini. Rais anapotoa msamaha, hakuna aliyekosea ila mfungwa. Mashahidi, polisi, waendesha mashtaka na jaji hawaulizwi chochote. Faili linafungwa kwa shukrani, na anayetakiwa kushukuru ni yule aliyeumizwa. Msamaha uliotumiwa kusahihisha kosa la mahakama hulificha kosa hilo, na kosa lililofichwa halimfundishi mtu yeyote.

Januari 2009: njia mbili za kutoka Luzira

Mwezi mmoja unatosha kuonyesha hali ya kutokuwa sawa ninayoizungumzia. Januari 2009 Rais alimsamehe Chris Rwakasisi, aliyekuwa waziri katika serikali ya pili ya Milton Obote. Rwakasisi alikuwa amehukumiwa kifo mwaka 1988, na alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka 20. Baadaye aliteuliwa kuwa mshauri wa Rais. Sisemi kwamba hakustahili huruma. Miaka 20 chini ya kivuli cha kitanzi ni mingi kwa binadamu yeyote.

Mwezi huohuo, tarehe 21, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417. Hao wote walikuwa wamehukumiwa kifo. Walifungua kesi mwaka 2003, wakashinda katika Mahakama ya Katiba mwaka 2005, serikali ikakata rufaa, na wakasubiri tena hadi 2009. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba sheria haiwezi kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kumpa nafasi ya kupima mazingira ya kila kesi. Ilikubali pia kwamba kumweka mtu zaidi ya miaka mitatu akisubiri kunyongwa, baada ya rufaa yake ya mwisho kukataliwa, ni kupita kiasi. Mtu huyo adhabu yake ibadilishwe kuwa kifungo cha maisha.

Uamuzi huu unaweza kusomwa kama uhakiki wa msamaha uliofanywa na mahakama yenyewe. Katiba haikuwa imeweka muda wa kujibu maombi ya huruma. Watu walikuwa wakisubiri jibu la ndiyo au hapana kwa miaka mingi, na kila asubuhi hawakujua. Mwaka 1999 watu 28 walinyongwa Luzira, kwa hiyo hofu yao haikuwa ya kufikirika. Mahakama iliona kwamba hata huruma inaweza kuwa ya polepole kiasi cha kugeuka mateso, ikaiwekea kikomo.

Tuzilinganishe basi hizo njia mbili. Aliyewahi kuwa waziri alitoka kwa kalamu moja. Kigula na wenzake walihitaji miaka sita ya mahakama, mawakili, na bahati ya kuwa wengi. Hata baada ya ushindi huo, Kigula hakutoka siku hiyo. Kesi yake ilirudishwa ili adhabu ipimwe upya. Mwaka 2011 alipewa kifungo cha miaka 20, na akaachiliwa Januari 2016. Akiwa ndani alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa msaada wa shirika linalofundisha sheria magerezani, akawa anawasaidia wafungwa wenzake kuandika rufaa zao. Msomaji apime mwenyewe: mmoja alitoka kwa kujulikana, mwingine ilimbidi ajifunze sheria.

Hali hiyo hujitokeza hata katika aina nyingine ya msamaha, ule uliotolewa na Bunge. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwaahidi waasi walioacha silaha kwamba hawatashtakiwa. Zaidi ya watu 26,000 wa makundi mbalimbali walipewa vyeti, wakiwemo makamanda wa juu wa kundi la LRA kama Kenneth Banya na Sam Kolo. Thomas Kwoyelo, kamanda wa kundi hilohilo, alikamatwa mwaka 2009, akaomba cheti, akanyimwa. Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2011 kwamba alibaguliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo, ikisema sheria hiyo haikuhusu unyama dhidi ya raia. Kesi yake ilikwisha mwaka 2024, akapewa miaka 40, kati yake 15 ikiwa ameshaikaa akiwa mahabusu. Waathirika wa kaskazini walistahili hukumu hiyo. Lakini walistahili kuipata mapema, na walistahili kuelezwa kwa nini mlango uliowapitisha wakubwa wake ulifungwa kwake.

Kukiri ili kusamehewa

Foleni ikiwa ndefu, watu hutafuta njia ya mkato. Tangu mwaka 2014 mahakama zetu zilianza kujaribu utaratibu wa mshtakiwa kukubaliana na mwendesha mashtaka: anakiri kosa na kupewa adhabu nafuu. Kanuni zake zikatoka mwaka 2016. Kwa mtu aliyetenda kosa na anayejua atakachopata, utaratibu huu una faida. Anaokoa muda wake na wa mahakama. Kwa mtu ambaye hakutenda kosa na amekaa rumande miaka minne, hesabu inakuwa nyingine. Akikana, atasubiri kikao ambacho hajui kitakuja lini. Akikiri, anaweza kupewa miaka mitano, miaka minne ipunguzwe, na baada ya mwaka mmoja awe shambani kwake. Huo si uchaguzi kati ya ukweli na uongo. Ni uchaguzi kati ya tarehe inayojulikana na tarehe isiyojulikana.

Msamaha nao huvutia upande huohuo, kwa kuwa mlango wake unafunguka kwa aliyekwisha kuwa na hatia. Mwaka 2024 jambo hili lilionekana wazi. Wafuasi 19 wa chama cha upinzani cha NUP, raia waliokuwa wakishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, walikiri mashtaka baada ya kukaa rumande zaidi ya miaka mitatu. Muda si mrefu wakapata msamaha wa Rais na kwenda nyumbani. Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Tuupange mfululizo huo kama tunavyopanga matukio ya riwaya: walishtakiwa mahali ambapo raia hakupaswa kushtakiwa, wakasubiri, wakakiri, wakasamehewa, kisha ikatangazwa kwamba mahakama yenyewe haikuwa na mamlaka juu yao. Msamaha uliwatoa ndani, lakini uliwaachia alama ya hatia ambayo kesi iliyosikilizwa vizuri na mapema huenda isingewaachia.

Lugha ya ombi

Nirudi kwenye lugha. Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa mashtaka kwa lugha anayoielewa, na haki ya kupewa mkalimani bila kulipa. Haki hizo ni za wakati wa kesi. Hukumu ikishatoka, mkalimani huondoka. Anayetaka kuomba huruma anaomba kwa maandishi, na maandishi ya ofisi zetu ni ya Kiingereza. Gerezani mwetu basi kuna lugha tatu zilizopangwa kama ngazi: mfungwa anawaza kwa Lusoga, Kiacholi au Kinyankore, anaamrishwa kwa maneno ya Kiswahili, na anapotaka kuhurumiwa anapaswa kuandika Kiingereza.

Asiyejua kuandika hutafuta mwandishi. Mwandishi akiwa mfungwa mwenzake mwenye moyo, humwandikia bure. Akiwa mwingine, kuna bei, na bei ya gerezani hulipwa kwa sabuni, kwa sukari au kwa chakula kilicholetwa na jamaa. Asiyetembelewa na jamaa hana cha kulipa. Ukosefu wa usawa ambao tumezoea kuuona mahakamani, wa mwenye wakili na asiye na wakili, unamfuata mtu mpaka kwenye huruma, mahali ambapo tungetarajia maskini atangulie.

Hoja za watetezi

Haitakuwa haki kuhakiki bila kusikiliza upande wa pili. Wapo wanaosema kwamba msamaha ni hiari, na hiari haipimwi kwa mizani ya haki. Mtu akigawa sadaka, aliyekosa hana dai. Hoja hii ina nguvu kwa sadaka ya mtu binafsi. Lakini uhuru wa raia si mali ya Rais anayeigawa kutoka mfukoni mwake. Mamlaka hayo yametoka kwa wananchi kupitia Katiba, na Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 126, inataka haki itolewe kwa wote bila kujali hali yao ya kijamii au kiuchumi, na isicheleweshwe. Huruma inayotolewa kwa niaba ya umma inapaswa kuujibu umma.

Wengine wanasema kwamba bila msamaha hali ingekuwa mbaya zaidi: Mpagi angenyongwa, wale akina mama 2020 wangebaki ndani. Nakubali. Sipendekezi mlango huo ufungwe. Mlango wa dharura unahitajika katika kila nyumba. Ninachosema ni kwamba nyumba ambayo watu wake wote wanasubiri kupita mlango wa dharura, huku mlango wa mbele umekwama, haiwezi kusifiwa kwa ukarimu wa mlango wa dharura.

Wapo pia wanaokumbusha waliotendewa makosa. Hawa wana haki ya kusikilizwa kuliko wote. Mama aliyeuawa mwanawe hulipokea tangazo la msamaha kupitia redio, kama sisi sote. Kuchelewa kwa kesi kunamuumiza yeye pia: shahidi anakufa, kumbukumbu inafifia, na mwishowe mtuhumiwa anatoka bila yeyote kujua ukweli. Kesi ikicheleweshwa, wote wawili, aliyedhulumiwa na anayeshtakiwa, wanadai deni moja kwa mdaiwa mmoja.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msamaha wa Rais, kama unavyotumika sasa, unaithibitisha methali tuliyoanza nayo. Mnyonge hupata pale mwenye nguvu anapopenda, na kupenda kwake hakuna tarehe, hakuna sababu zilizoandikwa, wala hakuna rufaa. Kuna mambo ambayo yanaweza kubadilishwa bila kuigusa mamlaka ya Rais. Kamati iweke muda wa kujibu kila ombi, kama Mahakama ya Juu ilivyoweka miaka mitatu kwa waliohukumiwa kifo. Itangaze ni wangapi wameomba, ni wangapi wamesamehewa, na kwa vigezo gani. Magereza yapokee maombi kwa mdomo na kwa lugha ya mfungwa, kisha yaandikwe na mtu anayelipwa na serikali. Hesabu ya siku za rumande isikome mlangoni mwa Mahakama Kuu. Na anayetolewa kwa sababu hakutenda kosa apewe tamko la mahakama kwamba hana hatia, asipewe msamaha.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Baadhi yetu tutakuwa walimu, wengine wakalimani wa mahakama, wengine watafsiri wa sheria kadiri lugha hii inavyopewa kazi zaidi serikalini. Siku itafika ambapo mmoja wetu ataketi na hati ya kuachiliwa kwa mtu kama Mpagi, atakiwe kuitia katika Kiswahili. Atalikuta neno la kawaida, jepesi, lililozoeleka: msamaha. Kabla ya kuliandika, ajiulize nani katika hati ile alikuwa na deni.